Chupa Iliyoandikwa 0.05 M: Uchambuzi wa Kisa cha Ukolezo Uliokosewa katika Maabara ya Shaba, Lubumbashi

Kuhusu kisa hiki

Kisa kilitokea katika maabara ndogo ya kupima madini jijini Lubumbashi, mkoani Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Majina ya maabara, ya mnunuzi, ya ushirika wa wachimbaji na ya watu wote waliohusika yameondolewa, na uzito wa shehena umezungushwa ili usimtambulishe mtu. Hesabu za kikemia zimeachwa bila kuguswa, kwa sababu ndizo kiini cha kisa. Kimeandikwa kwa ajili ya mafundi wa maabara, wanafunzi wa kemia wa shule za ufundi na walimu wao, hasa wale waliokwisha kukariri kwamba molariti ni idadi ya moli (kipimo cha kuhesabia chembe) zilizomo katika lita moja ya mmumunyo, lakini hawajawahi kuona kanuni hiyo ikizua ugomvi wa watu wazima mbele ya mizani.

Usuli

Maabara yenyewe ni vyumba viwili vilivyo nyuma ya depo za wanunuzi wa madini. Kazi yake kubwa ni kutaja kiwango cha shaba katika mawe yanayoletwa na wachimbaji wa mikono, kwa asilimia ya uzito mkavu, ili muuzaji na mnunuzi wapate msingi wa kukubaliana bei. Mawe mengi yanayofika hapo ni malakiti, yale ya kijani ambayo mtoto yeyote wa Katanga anayatambua, yakiwa yamechanganyika na udongo mwekundu wenye chuma na mwamba usio na thamani. Malakiti safi ina shaba ya takriban asilimia 57.5, ila shehena halisi, baada ya kubeba takataka zote hizo, mara nyingi huwa na asilimia chache tu.

Maabara haina mashine ya kisasa ya kupima metali. Ina mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, sahani za moto, bureti nne (mirija yenye alama za mililita ya kudondoshea mmumunyo) na mafundi waliozoea kazi. Njia inayotumika ni titrasheni ya iodini, yaani kupima kitu kwa kudondosha mmumunyo wa ukolezo unaojulikana hadi kiishe; ni ya zamani, haisimami umeme ukikatika katikati ya siku, na ikifanywa kwa uangalifu haina cha kuonea haya mbele ya mashine ya bei kubwa.

Kwa kifupi inakwenda hivi. Gramu moja ya unga wa mawe huyeyushwa kwa asidi kali, moshi wa kahawia wa asidi ya nitriki hufukuzwa kwa kuchemsha, asidi iliyozidi hutulizwa kwa amonia, kisha asidi ya asetiki huongezwa, na floridi hutiwa ili kukifunga chuma kisiingilie kazi. Baada ya hapo hutiwa iodidi ya potasiamu. Shaba huitoa iodini kutoka kwenye iodidi hiyo na mmumunyo hugeuka kahawia. Thiosulfati ya sodiamu inayodondoshwa kutoka kwenye bureti huimaliza iodini kidogo kidogo hadi rangi inapofifia na kuwa njano hafifu. Hapo ndipo wanga hutiwa, bluu nzito hujitokeza, thiosianati kidogo huongezwa ili kuikomboa iodini iliyonata kwenye chembe za iodidi ya shaba, na tone moja la mwisho huiondoa bluu na kuacha weupe mzito chini ya chupa.

Hesabu yake ni nyepesi. Ayoni mbili za shaba hutoa molekuli moja ya iodini, na molekuli moja ya iodini humalizwa na ayoni mbili za thiosulfati, kwa hiyo moli moja ya thiosulfati hulingana na moli moja ya shaba, yaani gramu 63.546. Ikiwa mmumunyo wa thiosulfati una ukolezo wa moli 0.05 kwa lita, unaoandikwa 0.05 M, kila mililita yake hulingana na miligramu 3.177 za shaba. Namba hiyo, 3.177, ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya bureti, kwenye karatasi iliyokwisha kugeuka njano kwa mvuke wa asidi. Fundi alisoma mililita kwenye bureti, akazizidisha kwa namba ya ukutani, akapata miligramu za shaba katika gramu moja ya mawe. Hakuna aliyehitaji kukumbuka kwamba karatasi ile ilikuwa kweli kwa sharti moja tu, kwamba chupa iliyo chini yake iwe na 0.05 M kwelikweli.

Chupa mpya

Thiosulfati ya zamani ilikwisha. Mfanyabiashara anayeleta kemikali kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, alileta chupa nyingine, ya kampuni tofauti, yenye usafi mzuri na bei nafuu kidogo. Fundi kijana aliyekuwa zamu alifungua daftari la matayarisho na kukuta mstari ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka kazini: thiosulfati ya sodiamu, gramu 62.05, lita 5. Hapakuwa na neno jingine.

Alipima gramu 62.05 kwa umakini. Aliziyeyusha katika maji yaliyochemshwa na kupozwa, kama inavyotakiwa, kwa maana maji yenye kaboni dayoksaidi na vijidudu huiharibu thiosulfati. Aliongeza chembe ya kaboneti ya sodiamu ili kuzuia uasidi. Aliujaza mmumunyo hadi kwenye alama ya shingo ya chupa ya lita 5, akautikisa vizuri, akauhamishia kwenye chupa ya rangi ya kahawia na kuandika 0.05 M pamoja na tarehe. Kwa kazi ya mikono, sijaona cha kumkosoa.

Tatizo lilikuwa ndani ya unga. Thiosulfati ya sodiamu huuzwa kwa sura mbili. Ya kwanza, ambayo maabara ilikuwa ikiitumia miaka yote, ni fuwele kubwa angavu zenye molekuli 5 za maji kwa kila moja ya chumvi, Na₂S₂O₃·5H₂O, na moli yake moja ina uzito wa gramu 248.18. Ya pili haina maji hayo, Na₂S₂O₃ peke yake, na moli yake ina gramu 158.11. Gramu 62.05 zilizoandikwa daftarini zilitokana na sura ya kwanza: moli 0.05 mara lita 5 ni moli 0.25, na moli 0.25 mara 248.18 ni gramu 62.05. Chupa mpya ilikuwa na sura ya pili. Gramu zile zile 62.05 zikigawanywa kwa 158.11 hutoa moli 0.3925, na moli hizo katika lita 5 ni 0.0785 M. Mmumunyo ulikuwa mkali kuliko maandishi yake kwa zaidi ya nusu.

Ingekuwa salfati ya shaba, macho yangemwokoa, kwa sababu yenye maji ni ya buluu na isiyo na maji ni nyeupe. Thiosulfati haina huruma hiyo: fuwele hazina rangi, unga ni mweupe, na vyote viwili vikishayeyuka ni maji matupu kwa kuyatazama.

Mfululizo wa matukio na maamuzi

Shehena iliyofungua mgogoro ilikuwa ya takriban tani 20, mali ya ushirika wa wachimbaji. Sampuli ilipimwa mara tatu. Bureti ilisoma mililita 9.60, 9.65 na 9.60, na majibu yakawa asilimia 3.05, 3.07 na 3.05. Cheti kilitolewa kwa wastani wa asilimia 3.06.

Mwakilishi wa ushirika, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi katika biashara hiyo, alikataa kutia saini. Shehena za nyuma kutoka shimo hilo hilo zilikuwa zimevuka asilimia 4.5.

“Papa, mawe haya yametoka shimo lile lile,” alimwambia mkuu wa maabara. “Shimo halijahama.”

“Mama, tumepima mara tatu, na mara zote tatu jibu ni moja.”

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurudia kipimo, na ulifanywa na fundi yule yule, kwa unga ule ule na kwa chupa ile ile ya thiosulfati. Sababu iliyotolewa ni kwamba fundi akikosea kusoma bureti au kupima unga, marudio yatamfichua. Hilo ni kweli kwa makosa ya aina hiyo. Majibu yalirudi pale pale, na mkuu wa maabara akathibitisha cheti kwa moyo mweupe.

Uamuzi wa pili ulikuwa kushuku uchukuaji wa sampuli, na hapa siwezi kumlaumu mtu. Katika mawe ya kuchimbwa kwa mikono, ambako bonge moja la kijani linaweza kukaa kando ya kilo kumi za udongo mtupu, kosa kubwa kwa kawaida huanzia kwenye lundo. Lundo lilichanganywa upya kwa koleo, likagawanywa robo kwa robo mbele ya pande zote mbili, likasagwa na kupimwa. Jibu lilikuwa asilimia 3.1. Kwa mnunuzi mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa ushirika ilionekana kwamba wameibiwa mara mbili.

Uamuzi wa tatu ulitoka kwa fundi mwenzake yule kijana, dada aliyesomea kemia chuoni na ambaye hakuwa zamu wakati chupa mpya ilipofunguliwa. Alijiuliza kwanza kosa lingeelekea wapi. Chuma kisipofungwa vizuri na floridi huitoa iodini ya ziada, na hewa inayoiunguza iodidi hufanya vivyo hivyo. Yote mawili yangeipandisha shaba, ilhali malalamiko yalikuwa kwamba imeshuka. Akabaki na njia chache za kushuka: shaba iliyobaki bila kuyeyuka, iodini iliyopotea hewani, au mmumunyo wa thiosulfati wenye nguvu kuliko inavyodhaniwa. Aliyachukua masalia yaliyobaki kwenye karatasi ya kuchujia, akayayeyusha upya kwa asidi kali zaidi, na hakupata shaba ya maana. Njia ya kwanza ikafungwa.

Wakati huo huo ushirika ulikuwa umepeleka nusu ya sampuli kwenye maabara nyingine yenye mashine ya kupima atomu kwa mwanga. Jibu lilikuwa asilimia 4.76. Mkuu wa maabara aliposoma cheti hicho, wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba sampuli imebadilishwa njiani. Ni wazo la kibinadamu, na katika biashara hii halikosi mifano.

Dada yule aliomba jambo moja kabla ya kurushiana maneno. Maabara ilikuwa na kopo la sampuli ya rejea, unga wa mawe ya zamani uliokwisha kupimwa mara nyingi na kukubaliwa kuwa na shaba ya asilimia 2.40, ambao kwa kawaida ulipimwa mara moja kwa mwezi. Aliupima siku hiyo hiyo kwa chupa ile ya thiosulfati, akapata asilimia 1.53. Kisha akaziweka namba mbili mbili kwenye karatasi. Tofauti kati ya 4.76 na 3.06 ni 1.70, tofauti kati ya 2.40 na 1.53 ni 0.87. Tofauti hazifanani. Lakini 3.06 ikigawanywa kwa 4.76 ni 0.643, na 1.53 ikigawanywa kwa 2.40 ni 0.638.

Hapo kisa kiligeuka, na ninaomba msomaji asiipite hatua hii haraka. Kosa linaloongeza au kupunguza kiasi kile kile kila mara, kama vile uchafu wa kemikali, huacha tofauti isiyobadilika kati ya jibu na ukweli. Iodini inayopotea hewani hupotea leo nyingi na kesho kidogo, na haiachi mpangilio. Kosa linalokata kila jibu kwa uwiano mmoja, liwe jibu kubwa au dogo, hutoka mahali penye kuzidisha, na katika njia hii namba inayozidishwa ni moja tu: ukolezo wa thiosulfati, uliojificha ndani ya 3.177 ya ukutani. Alikwenda kwenye kabati, akaigeuza chupa ya unga na kusoma kibandiko chote, pamoja na herufi ndogo za chini. Uzito wa moli ulioandikwa ulikuwa 158.11. Aligawanya 158.11 kwa 248.18 akapata 0.637.

Alipomweleza mkuu wake, fundi mzee wa maabara aliyekuwa akiosha vyombo pembeni alimuuliza yule kijana swali moja: siku ile ulipoyeyusha, bika lilipoa mkononi? Thiosulfati yenye maji hunyonya joto jingi inapoyeyuka, na bika lenye gramu sitini zake hupata ubaridi unaohisika kwenye kiganja. Kijana alikumbuka kwamba halikupoa. Wazee wa maabara wanajua mambo ambayo hayako daftarini, na tatizo ni hilo hasa, kwamba hayako daftarini.

Kuhakiki kwa shaba

Hesabu ya 0.637 ilikuwa ushahidi mzito, lakini bado ilikuwa hesabu ya kibandiko dhidi ya kibandiko. Iliamuliwa ukolezo upimwe. Njia ya kawaida ni kutumia iodeti ya potasiamu, kemikali safi na tulivu ambayo moli yake moja, gramu 214.00, hutoa iodini ya kutosha kumaliza moli 6 za thiosulfati. Iodeti ya maabara ilikuwa imekwisha miezi kadhaa nyuma, na tangu hapo uhakiki ulikuwa umeachwa kwa hoja kwamba “thiosulfati tunaipima wenyewe kwa mizani nzuri”.

Ni ajabu kidogo kwamba hoja hiyo iliweza kuishi Lubumbashi, jiji ambalo malori hupita na mabamba ya shaba ya elektrolisisi yenye usafi wa asilimia 99.99. Shaba safi ni kipimio bora kwa titrasheni ya shaba, kwa sababu hupita njia ile ile ya asidi, floridi na iodidi, na kasoro ndogo za njia hujifuta zenyewe. Kipande cha bamba kilisuguliwa, kikasafishwa kwa asidi hafifu, kikakaushwa, na gramu 0.2542 zikayeyushwa na kujazwa hadi mililita 100. Hizo ni milimoli 4.000, kwa hiyo pipeti ya mililita 25 ilibeba milimoli 1.000 kamili.

Kama chupa ingekuwa 0.05 M, bureti ingesimama kwenye mililita 20.00. Ilisimama kati ya 12.70 na 12.80, wastani 12.75. Milimoli 1.000 gawanya kwa mililita 12.75 ni 0.0784 M.

Uamuzi wa kutoigusa chupa

Kulikuwa na pendekezo la kuuzimua mmumunyo uliobaki. Kihesabu halikuwa na kasoro, kwa kuwa moli hazibadiliki kwa kuongeza maji: ukolezo wa kwanza mara ujazo wa kwanza ni sawa na ukolezo wa pili mara ujazo wa pili, hivyo kila lita moja ya 0.0784 M ingefikishwa lita 1.568 ili iwe 0.05 M. Mkuu wa maabara alilikataa, na nadhani huo ndio uamuzi bora kuliko yote aliyoufanya katika kisa hiki. Chupa ile ndiyo iliyotoa majibu yanayobishaniwa. Ikizimuliwa, hakuna atakayeweza kuipima tena na kusema ilikuwa hivi. Alibandika karatasi mpya yenye 0.0784 M, akaifunga mbele ya mwakilishi wa ushirika na wa mnunuzi, na mmumunyo mwingine ukatengenezwa kwa kazi za kila siku.

Matokeo

Majibu yote yaliyotolewa tangu chupa mpya ifunguliwe, sampuli 23, yalikokotolewa upya kwa kuzidishwa na 1.568, yaani 0.0784 gawanya kwa 0.05. Shehena ya mgogoro ilipanda kutoka asilimia 3.06 hadi 4.79, karibu kabisa na 4.76 ya maabara nyingine. Sampuli ya rejea ilirudi kwenye 2.40. Kwa tani 20, kiasi cha shaba kiliruka kutoka kilo 612 hadi kilo 958, na kilo 346 zilizokuwa hatarini kupotea kwenye karatasi zikarudi kwa wenyewe.

Si kila kitu kilirekebishika. Wauzaji watatu wadogo walikuwa wamekwisha kukubali majibu ya chini, wakapokea fedha zao na kuondoka. Wawili walipatikana na kulipwa nyongeza. Wa tatu alikuwa ameuza mawe yake bila kuacha anwani. Mnunuzi mmoja aliihama maabara, ingawa kosa lilikuwa limemwelemea kwa faida. Alisema hataki karatasi ambazo zinaweza kubadilika. Ushirika, kinyume chake, ulibaki.

Fundi kijana hakuadhibiwa. Mkuu wa maabara alieleza kwamba alifuata maandishi aliyopewa, na maandishi hayo hayakumwambia ni thiosulfati ipi. Mstari wa daftari ulifutwa na kuandikwa upya, ukiwa na fomula kamili ya chumvi na uzito wa moli uliotumika.

Uchambuzi

Tukianza na dhana yenyewe, kisa hiki kinaonyesha kwa nini mkemia huhesabu moli badala ya gramu. Moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³, idadi ambayo tangu mwaka 2019 imewekwa kuwa kamili katika mfumo wa kimataifa wa vipimo. Bureti haijui gramu. Kinachoimaliza iodini ni idadi ya ayoni za thiosulfati. Gramu 62.05 za fuwele na gramu 62.05 za unga mkavu ni uzito mmoja na idadi mbili tofauti, kwa sababu zaidi ya theluthi moja ya uzito wa fuwele ni maji yasiyofanya kazi yoyote. Kuandika gramu bila kuandika fomula, kwa hiyo, ni kuandika nusu ya maelekezo.

Mtego huu haupo kwa thiosulfati peke yake. Kaboneti ya sodiamu isiyo na maji ina gramu 105.99 kwa moli, na ile yenye molekuli 10 za maji ina gramu 286.14. Asidi ya oksaliki ina 90.03 au 126.07. Kwa asidi za kimiminika mtego hubadilika sura: asidi ya salfuriki ya asilimia 98 yenye uzito wa gramu 1.84 kwa mililita ina takriban moli 18.4 kwa lita, na anayeisoma asilimia kama ukolezo bila kuingiza uzito wa mililita atapata takriban 10. Maelekezo ya zamani yaliyoandikwa kwa nomaliti, yale yenye herufi N ambayo huhesabu uwezo wa kumenyuka badala ya moli, huongeza mtego mwingine, kwa kuwa 0.1 N ya dikrometi ya potasiamu katika kazi hii ni 0.0167 M tu. Thiosulfati, kwa bahati, huwa na N na M zinazolingana hapa, na pengine ndiyo maana maabara hii haikuwahi kujikwaa hapo.

Kuna jambo ambalo wanafunzi hulikosea zaidi kuliko maji ya fuwele, na ambalo fundi wetu hakulikosea: lita iliyomo katika molariti ni lita ya mmumunyo uliokamilika. Aliyeyusha kwanza, kisha akajaza hadi alama. Anayepima lita 5 za maji na kumwagia unga juu yake hupata ujazo mwingine. Hata joto lina sehemu yake, maana chupa za ujazo husanifiwa kwa nyuzi 20 na maji hutanuka kwa karibu robo ya asilimia kati ya nyuzi 20 na 30, ila mbele ya kosa la asilimia 57 hiyo ni punje.

Kilichofeli zaidi, kwa maoni yangu, ni imani katika marudio. Mililita 9.60, 9.65 na 9.60 ni kazi safi sana ya bureti, na usafi huo ndio uliowapumbaza. Marudio huonyesha kama mkono umetulia. Kama kila kipimo kinapita kwenye chupa moja yenye kibandiko cha uongo, vipimo mia vitakubaliana na vyote vitakosea kwa uwiano ule ule. Kuchukua sampuli upya kuliongeza uzito wa kosa kwa njia hiyo hiyo: kila mtu alidhani ushahidi umekuwa miwili, kumbe chupa ilikuwa moja.

Kuachwa kwa uhakiki kulifanya kosa lidumu. Hata thiosulfati sahihi, yenye maji yake 5, haifai kuaminiwa kwa mizani pekee, kwa sababu fuwele zake hupoteza maji katika hewa kavu na mmumunyo wake huharibika polepole. Kwa maneno mengine, maabara ilikuwa imejiweka katika hali ambayo kosa dogo lingepita kila wiki bila kuonekana. Hili kubwa lilikamatwa kwa sababu lilikuwa kubwa. Kosa la asilimia 4 lingeendelea kula fedha za watu kwa mwaka mzima, na mama yule mwenye uzoefu asingekuwa na hoja ya kusimamia.

Kilichofaulu kinastahili kutajwa kwa usawa. Daftari la matokeo lilikuwa na mililita za kila titrasheni pamoja na asilimia, na ndiyo sababu sampuli 23 ziliweza kusahihishwa jioni moja bila kuyeyusha jiwe hata moja. Kopo la rejea lilikuwepo, ingawa lilitumiwa kwa uchache. Lau lingepimwa pamoja na kila kundi la sampuli, kosa lingeonekana siku ya kwanza kabla cheti hakijatoka. Na kuuliza mapema kosa linaelekea juu au chini kulimwondolea dada yule nusu ya wasiwasi kabla hajashika chombo.

Sasa kila chupa ya mmumunyo katika maabara hiyo ina kibandiko chenye fomula, gramu, ujazo, ukolezo uliopimwa kwa shaba, tarehe na sahihi ya mtu wa pili. Karatasi ya 3.177 imeondolewa ukutani. Fundi hukokotoa namba yake upya kila Jumatatu baada ya uhakiki. Suala moja bado liko wazi. Asilimia 2.40 ya kopo la rejea ilipatikana katika maabara hiyo hiyo, kwa njia hiyo hiyo ya iodini, miaka ambayo hakuna aliyeandika mmumunyo ulihakikiwa vipi. Gramu 50 za unga huo zimepelekwa kupimwa nje.